Rangi Nyekundu ya Mzee Margwe

Mashine ilikuwa imeshatoa hukumu kabla hakimu hajavaa joho lake: Mzee Margwe ni mtu wa chuki.

Ripoti ilitoka Arusha Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi Inspekta Rukia Saleh aliikuta mezani kwa Afande Adamu, mkuu wa upelelezi wa wilaya ya Mbulu. Hotuba ya mzee, aliyoitoa kwa Kiiraqw kwenye mkutano wa kampeni za udiwani kule Masieda, ilikuwa imepitishwa kwenye programu ya kompyuta. Programu hiyo husikiliza maneno ya wanasiasa na kuyapaka rangi. Sentensi ya kusifu au ya kutakia heri hupata kijani. Ya kutisha au kutukana hupata nyekundu. Ya Margwe ilikuwa nyekundu juu mpaka chini, kasoro mistari michache karibu na mwisho.

"Soma hapo katikati," alisema Afande Adamu. "'Jua liwaunguze. Moto ukile walichokiweka.' Siku ya pili ghala la mgombea linateketea. Unataka nini zaidi, Rukia?"

"Nataka kujua alikuwa anamwambia nani."

"Sasa anamwambia nani, ng'ombe? Mgombea amekaa mbele yake pale."

Mgombea alikuwa Onesphory, kijana wa makamo mwenye mashamba ya vitunguu saumu na maneno mengi. Ghala lake liliungua mchana kweupe, na mlinzi wake, Tomaso, akatolewa ndani na majirani. Sasa Tomaso alikuwa hospitali, mikono imefungwa bandeji, koo limeharibiwa na moshi, hawezi kusema neno. Na mtuhumiwa hakuwa mtu baki. Mzee Margwe ni mjomba wa Onesphory. Alimchukua kwa dada yake akiwa mchanga, akamlea mpaka akaota ndevu. Tangu akamatwe alikuwa amejibu maswali yote kwa neno moja: "Nilisali."

"Yule mfugaji wa Getanuwas je, aliyegombana na Onesphory kwa ajili ya uzio?" aliuliza Afande.

"Tluway? Siku ya moto alikuwa mnadani Katesh. Nimeongea na waliomuuzia mbuzi, nimeongea na waliokula naye nyama. Hayumo."

"Basi yumo mzee. Jumatatu asubuhi jalada linakwenda kwa mwanasheria wa serikali. Kesi ya uchochezi na kuchoma moto, na Mungu apishe mbali, Tomaso akifa itakuwa ya mauaji. Mzee wa umri ule hatoki tena." Afande alilifunga jalada. Hakuwa mtu mbaya, Afande Adamu. Alikuwa mtu anayependa jalada likifungwa lisifunguke.

Rukia aliichukua nakala ya sauti, akaenda nayo nyumbani kwake kota.

Nyumba za askari Jumamosi hunuka vitunguu vya kukaanga na hujaa watoto wa watu. Ya Rukia haikuwa na mtoto wala harufu. Mume aliondoka zamani, na ndugu zake wa Katesh, wafanyabiashara wa vitambaa, walikuwa wamechoka kumwuliza lini ataacha kazi ya kukimbizana na wezi. Alikuwa mpweke, na kwa kuwa hakuwa na wa kumficha, hakuuficha upweke huo. Aliweka simu juu ya meza, akamwacha mzee aseme.

Sauti ya Margwe ilijaa chumbani. Ilikuwa nzito, ya taratibu, mstari kisha pumzi, mstari kisha pumzi. Rukia alikijua Kiiraqw cha dukani: bei gani, punguza, kesho. Kiiraqw hiki cha wazee kilimpita juu ya kichwa. Alisikiliza mara ya kwanza akifuata tafsiri. Mara ya pili aliacha tafsiri, akasikiliza tu, na hapo ndipo kitu kikamkera.

Mzee alikuwa anaongea peke yake. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna jogoo, hakuna mtu aliyekohoa. Rukia alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake, penye kelele toka alfajiri, na alijua kwamba hata watu watatu wakikutana Tanzania hii, mmoja atakohoa. Hapa kulikuwa na mkutano wa kijiji kizima.

Akampigia Maximilian, kijana wa Arusha aliyeiendesha programu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hii sauti ya Masieda, watu mmewapeleka wapi?"

"Watu gani?"

"Waliohudhuria."

Maximilian alicheka kidogo, kisha akaona hachekewi. "Aa, afande, ilikuja hivyo hivyo. Imesafishwa. Na sisi ndivyo tunavyopenda, mashine inasoma maneno vizuri."

"Nani aliyeileta?"

"Imeandikwa mlalamikaji. Yule mgombea."

"Na mtu akinyamaza katikati ya hotuba, mashine yako inamwandika rangi gani?"

"Kimya tunakikata, afande. Hakina maneno."

Rukia alimshukuru, akachukua kofia yake ya pikipiki.

Masieda iliupokea ugeni wake kwa adabu kamili na bila msaada wowote. Alisalimia wazee, akajibiwa. Akaulizwa habari za Mbulu mjini, akazieleza. Kila alipogusia habari za mkutano, watu walikumbuka kuwa siku ile walikwenda shamba, au walikuwa na mgonjwa, au walikuwa na harusi Dongobesh. Wengine waliitazama pikipiki yake badala ya uso wake. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Rukia aliuona mshindo huo umekaa kwenye midomo yao, ila hakujua namna ya kuufungua.

Kitu kimoja tu alikipata bila kuuliza. Njia ya kwenda chemchemi, pale ng'ombe wa kijiji wanaponywea tangu enzi, ilikuwa imezibwa kwa uzio wa nyaya. Ndani ya uzio, bomba la Onesphory lilimwagilia vitunguu.

Mwenye kibanda cha soda, mtu mzima aliyeitwa Hhando, alimwonea huruma mwishowe.

"Afande, unajisumbua. Hapa sote hatukuwepo."

"Kijiji kizima?"

"Kizima. Asiyekuwepo na lake halipo." Alifuta chupa kwa kanga ya mkewe, akaangalia ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba moja iliyokaa mbali na nyingine. "Labda ungemwuliza ambaye kweli hakuwepo. Mama Fransiska, yule pale. Lakini usimwambie nimekuelekeza. Na usimpe mkono."

Ile ya mkono Rukia aliielewa alipovuka korongo. Njia ya kwenda nyumba ile ilikuwa imeota majani. Wairaqw wa zamani, na wachache wa sasa, nyumba ikipatwa na msiba wa namna fulani hujitenga. Wenyewe huita metimani. Hamchoti maji pamoja na majirani, hampiti njia yao, hamli nao, mpaka muda wenu uishe, ili balaa lisihamie kwa mwingine. Fransiska alikuwa amefiwa na mwanawe wa mwisho. Alikuwa amekaa nje akipukuchua mahindi, na alipomwona mgeni aliinuka haraka, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Inspekta Rukia, natoka polisi."

"Marahaba. Simama hapo hapo, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Nimezaliwa Katesh."

"Katesh ya dukani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sogea. Wewe si wa huku, haikuhusu."

Rukia alisogea. Alikuwa amezaliwa chini ya mlima Hanang, akanywa maji ya huku na kuzika wazazi wake huku, na neno lile lilimuuma kidogo. Lakini ndilo lililomfungulia mlango, kwa hiyo akalimeza.

"Padri anasema mambo haya yamepitwa na wakati," alisema Fransiska, akimsogezea kigoda kwa mguu. "Na mimi nasali kanisani, sikatai. Lakini ndama wa jirani akifa, sitaki waseme ni Fransiska aliyepita. Bora nikae."

"Huoni upweke?"

"Naona. Kwa nini nisione?"

Rukia alikalia kigoda. Aliuliza juu ya mkutano.

"Sikwenda. Ningekwendaje? Lakini spika zao zinafika mpaka hapa. Niliitega simu pale kwenye ukuta wa zizi ikarekodi. Jioni nikiisikiliza nyumba inakuwa na watu."

Alisema hivyo bila kuomba huruma, kama mtu anayeeleza namna anavyopika uji. Akaileta simu, akaiweka chini juu ya jiwe, akarudi nyuma. Rukia akaiokota.

Hapa watu walikuwepo. Upepo ulivuma, mbwa alibweka, watoto walifukuzana. Sauti ya Margwe ilitoka mbali, kwenye spika. Na kila alipomaliza mstari, jambo ambalo halikuwepo kabisa kwenye rekodi ya polisi lilitokea: mamia ya vifua viliitikia kwa pamoja, mvumo mmoja mzito uliovuka korongo lote.

"Hii siyo hotuba," alisema Rukia.

"Nani kakwambia hotuba? Ni slufay. Sala ya kufungia mkutano. Mzee anasema, watu wanaitika. Msiba, harusi, mkutano, ndivyo tunavyomaliza."

"Hapa anasema jua liwaunguze."

"Njaa. Anaifukuza njaa, na maradhi, na mwizi wa ng'ombe. Moto ukile walichokiweka hao. Babu yangu alisema hivyo hivyo, na babu yake. Usiposema hayo, umeombea watu kitu gani?" Fransiska aliinua kidole. "Sikia wanavyoitika."

Kwa kweli, kwenye mistari ile ambayo mashine iliipaka wekundu kuliko yote, mvumo ulikuwa mkubwa kuliko kwingine kote. Mzee alikuwa anawalinda, nao walikuwa wanaupokea ulinzi huo. Nyekundu yote ilikuwa baraka.

"Sasa ngoja," alisema Fransiska. "Hapa anamtaja kijana. 'Huyu wa nyumba yangu, atangulie mbele yenu, mmpe njia.'"

Kwenye ripoti mstari huo ulikuwa wa kijani. Rukia alisubiri mvumo. Alisikia upepo. Alisikia mbwa. Kisha sauti ya Margwe ikaurudia mstari ule ule, taratibu zaidi, na upepo ukavuma tena.

"Umesikia?"

"Hawakuitika."

"Hawakuitika." Fransiska aliangalia mikono yake. "Nimezeeka, sijawahi kulisikia hilo. Mzee mzima anaomba, watu wake wanamwacha hewani. Kwa sababu ya ule uzio wa maji. Hawakumtukana kijana, hawakumrushia jiwe. Walimnyima sauti tu. Mimi mwenyewe huku niliitika, maana nilimhurumia yule mzee, lakini mimi sihesabiki."

Rukia aliomba simu iwe kielelezo, akamwandikia hati ya kuipokea. Fransiska aliuliza itarudi lini. Rukia alisema haraka iwezekanavyo, na akaona aibu, kwa sababu alikuwa anaondoka na watu wote waliokuwa ndani ya nyumba ile.

Jumapili baada ya misa Onesphory alikuja kituoni mwenyewe, shati limenyooshwa, kuulizia kesi.

"Shikamoo, afande. Jumatatu ipo?"

"Ipo. Kaa. Siku ya moto Tomaso alikuwa zamu?"

"Alikuwa zamu, nilishaeleza. Mimi nilikuwa Bashay kwenye kampeni."

"Sawa. Ile rekodi uliyotuletea, nani aliisafisha?"

"Fundi wa spika. Kulikuwa na makelele. Nikaona nyie mnahitaji maneno."

"Ulimwambia atoe nini?"

"Kila kitu. Abaki mzee."

Rukia aliwasha simu ya Fransiska. Onesphory aliutambua mvumo ule kabla haujamaliza kupanda, nao ukamwondolea tabasamu. Mistari ilipita. Rukia hakuangalia simu, aliangalia mkono wa Onesphory. Na kabla mzee hajafika kwenye mstari wa kijana wa nyumba yake, kabla ya kimya chenyewe, mkono ule ulinyooka kwenda kuizima.

"Iache."

Wakakisikiliza kimya wote wawili, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Mimi nilipitwa," alisema Rukia. "Afande Adamu alipitwa. Mashine ilipitwa, tena yenyewe kimya inakikata. Ungetuletea rekodi nzima, hakuna hata mmoja wetu ambaye angeshtuka. Tungesema watu wamechoka, wanataka kwenda kwao. Aliyekiogopa kile kimya mpaka akafuta kijiji kizima ili kisisikike ni mtu aliyelelewa ndani ya sala hiyo."

"Kufuta kelele ni kosa?"

"Si kosa. Ila ukatuletea maneno matupu ya mjomba wako, ukijua sisi wa dukani tutayasoma vipi."

"Aliniaibisha!" Onesphory alipandisha sauti, na kwa mara ya kwanza ikatoka bila kampeni ndani yake. "Angeweza kuruka jina langu. Alijua hawataitika. Akalitaja, wakaninyamazia, akalirudia! Mbele ya watu wote!"

"Labda alidhani mara ya pili watakuonea huruma."

"Huruma wangenionea kwa ghala. Mtu aliyeunguziwa mali yake hanyimwi kura. Nani alijua kwamba Tomaso atarudi kuchukua koti lake, mimi nilikuwa nimeshampa ruhusa ya..."

Alijikatiza mwenyewe.

"Endelea," alisema Rukia. "Umetoka kuniambia alikuwa zamu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Onesphory alikuwa ameshafika kwenye maji. Rukia alimsomea haki zake, akamwita askari wa zamu.

Ilibaki taratibu moja. Aliyesali lazima aitambue sauti yake, la sivyo wakili yeyote angeitupa rekodi nje. Rukia alimtoa Mzee Margwe mahabusu, akamketisha kwenye benchi la mapokezi, chai mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, kwamba ni sala, na kwamba hawakuitika. Ningetafuta mapema."

"Nikuambie nini?" Alisema bila hasira. "Kwamba kijana wangu amenyimwa sauti na watu wake? Hilo likiandikwa halifutiki. Hii ya kulala chini mahabusu inaisha."

"Ulijua ni yeye aliyechoma?"

Mzee alikunywa chai. Rukia aliandika kwamba shahidi hakujibu, kisha akawasha simu.

Margwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye kila mstari alitikisa kichwa: ndiyo, ni mimi. Njaa, maradhi, mwizi wa ng'ombe, mvumo ukapanda na kushuka. Ukafika mstari wa kijana wa nyumba yake. Upepo ukavuma kwenye simu. Na pale mapokezi, mbele ya askari wa zamu na mlevi mmoja aliyesubiri kuandikwa, mzee aliitika. Aliitika kwa kifua chake chote, peke yake, kwa ile sauti ambayo huwa ni ya watu mia. Mstari ukarudiwa, akaitika tena.

Rukia alizima simu. Hakuwa na sehemu ya kuandika hilo kwenye fomu.

"Ndiyo sauti yangu," alisema Margwe. "Sasa nikitoka mimi, anaingia yeye?"

"Ameshaingia, baba. Chumba cha pili."

"Amekula?"

"Bado."

Mzee aliiweka chini chai aliyokuwa hajaimaliza.

"Uko huru," alisema Rukia. "Nimeomba gari likupeleke mpaka Masieda."

"Nani yuko Masieda? Nyumba ile tulikuwa wawili."

Aliyeachiwa haruhusiwi kukaa mapokezi. Imeandikwa ukutani, na askari wa zamu alikohoa kukumbusha. Rukia alikaa kwenye benchi, kando ya mzee, wakasubiri chakula cha Onesphory kiletwe.